Sikio Halizoei Kelele

Katika miji ya Afrika ya Mashariki liko neno moja la faraja ambalo kijana huambiwa siku ya kwanza ya kazi. Akipelekwa mahali pa kufua bati, au penye mashine ya kusaga nafaka, au akikabidhiwa mlango wa gari la abiria lenye vipaza sauti chini ya viti, na akilalamika jioni kuwa masikio yake yanavuma, wakubwa wake humcheka kwa upole na kumwambia: "Utazoea." Neno hili husemwa kwa nia njema. Alisemaye aliambiwa hivyo na aliyemtangulia, na kwa kadiri aonavyo alizoea kweli. Baada ya miezi michache kelele ilikuwa haimsumbui tena, na alipozungumza katikati yake hakujua kuwa anapiga ukelele. Kwa ushahidi huo neno limepata heshima ya hekima, likarithishwa pamoja na nyundo na koleo.

Si hekima. Ni uongo wenye umri mkubwa, na katika uongo wote usemwao mahali pa kazi huenda huu ndio unaolipiwa kwa muda mrefu zaidi. Jicho huzoea giza, kiganja huota sugu, bega la mchukuzi hukaza. Lakini sikio halina sugu la kuota. Moyo waweza kuzoea kelele, maana moyo hujifunza kutojali. Sikio halijifunzi. Linapoacha kulalamika, aghalabu ni kwa sababu sehemu yake iliyokuwa ikilalamika imekwisha kufa. Hili si jambo la kubahatisha wala la maoni. Lina hesabu yake, na hesabu hiyo yafaa ielezwe kwanza, kwa kuwa watetezi wa kelele hupata nguvu zao pale ambapo hesabu haijulikani.

Sauti ni mtetemo upitao hewani kwa mawimbi. Ina sifa mbili ambazo Kiswahili kilizitambua kabla ya vyombo vya kupimia havijafika: wembamba na unene wake, na ukubwa na udogo wake. Filimbi ni nyembamba, msondo ni mnene, na kila kimoja huweza kupigwa kwa nguvu au kwa taratibu. Wataalamu huhesabu sifa ya kwanza kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kipimo hicho huitwa hezi. Sikio zima la kijana husikia tangu mitetemo kama 20 hata kama 20,000 kwa sekunde. Sifa ya pili hupimwa kwa desibeli, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia, wakiwemo baadhi ya wale watungao sheria.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Mtu mwenye shilingi 85 akipata 88 ameongeza shilingi tatu tu. Sauti ya desibeli 85 ikifika 88 imeongeza nguvu maradufu. Desibeli kumi zikiongezeka nguvu huwa mara kumi, ishirini zikiongezeka nguvu huwa mara mia. Sababu ya hesabu hii ngeni ni upana wa ajabu wa kusikia kwenyewe: kati ya sauti hafifu kabisa inayoweza kusikika na ile ianzayo kuyatia masikio maumivu, yaani desibeli 120 hivi, nguvu hutofautiana mara milioni milioni. Kiungo kimoja kimepewa kazi ya kupima unyasi na mlima kwa mizani ile ile.

Lakini fahamu za mtu hazipimi hivyo. Sauti iliyozidi kwa desibeli kumi, na kwa hiyo yenye nguvu mara kumi, huonekana kuwa imekua kiasi cha mara mbili tu. Msomaji na asimame hapa kidogo. Sikio limepokea kumi, fahamu zimeandika mbili daftarini. Hakuna mwenye duka ambaye angevumilia karani wa namna hiyo kwa siku moja, ilhali karani huyo ndiye anayeaminiwa na kila mtu aulizaye kwa mshangao, "Mbona si kubwa sana?"

Tena muda nao una neno lake. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilithibitisha shauri lake la desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kwa kila desibeli 3 zinazozidi muda ukatwe nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4; kwa 91 ni saa 2; kwa 94 ni saa moja; kwa 100 ni robo ya saa. Aliyekaa robo saa mbele ya sauti ya desibeli 100 amekwisha kutumia posho ya masikio yake ya siku nzima, na kama atakaa saa sita zaidi, zote anakopa. Mkopo huo haulipwi na tajiri wala na mwenye gari.

Jinsi unavyolipwa huonekana ndani ya sikio. Nyuma ya kiwambo na vifupa vitatu viungavyo uko mfereji uliojikunja mizunguko miwili na nusu mfano wa konokono, nao huitwa koklea. Umejaa majimaji, na katikati yake umetandikwa utando mwembamba wenye seli zilizoota vinyweleo: za safu ya ndani zipatazo 3,500, na za safu tatu za nje zipatazo 12,000. Mhungaria Georg von Békésy, ambaye kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kuwa wimbi la sauti husafiri juu ya utando huo na kuinuka zaidi mahali pamoja kuliko pengine, kwa kadiri ya wembamba au unene wake. Sauti nyembamba huinuka karibu na mlango, sauti nene huenda mpaka ndani kwenye ncha. Kila mahali pana sauti yake, kama vibao vya marimba.

Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyougeuza mtetemo kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Vikitikiswa kupita kiasi huinama, vikiinama sana havisimami, na seli ikifa haizaliwi nyingine. Jambo hili lingeweza kupita bila fadhaa lau lingekuwa kanuni ya viumbe wote. Sivyo. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kuwa ndege huotesha upya seli hizo baada ya kuharibiwa kwa kelele. Kuku aliyetiwa uziwi na nyundo za mwenyewe atapona baada ya majuma kadhaa, mwenyewe hatapona.

Katika marimba hayo vibao vinavyovunjika kwanza vinajulikana. Tundu la sikio, kwa urefu wake, huzidisha sauti zilizo karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, kama chupa inavyozidisha mvumo wa anayeipuliza mdomoni. Na kwa kawaida madhara hutokea juu kidogo ya sauti iliyoyaleta. Kwa hiyo sikio la fundi linapopimwa, ule mstari wa usikivu hukutwa na shimo penye mitetemo 4,000 hivi, huku sauti nene zikiwa salama kabisa. Shimo hilo linafahamika kwa matabibu wa masikio kama alama ya ndui inavyofahamika kwa wazee. Humjia mfua vyuma, humjia askari wa bunduki, humjia mpiga muziki. Uzee una sura yake nyingine. Huanzia juu kabisa na kushuka taratibu. Kelele hutoboa.

Hapa basi itazamwe ile hali iitwayo kuzoea. Mtu akitoka penye kelele kubwa husikia kama masikio yameshindiliwa pamba. Akilala, asubuhi huyakuta yamefunguka. Kwa hiyo huamini kuwa yalichoka yakapumzika, kama miguu. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walieleza walivyofanya na panya wadogo: waliwasikilizisha sauti ya desibeli 100 kwa muda wa saa 2, mara moja tu. Baada ya majuma machache panya waliweza kusikia sauti hafifu kama zamani, na seli zao za vinyweleo zilikuwapo zote. Kwa kipimo cha kawaida walikuwa wazima. Lakini walipopasuliwa ilionekana kuwa, katika sehemu ya sauti nyembamba, viungo viunganishavyo seli na mishipa ya fahamu vilikuwa vimetoweka kiasi cha nusu, wala havikurudi. Mtu si panya, na kipimo cha mtu hakijapata ukamilifu huo. Ila jina la "pumziko" halistahili tena kutajwa kwa uhakika ule wa kwanza.

Yuko atakayesema kuwa maumbile yamelipa sikio ngao. Ni kweli ipo. Katika sikio la kati kuna msuli mdogo ambao, sauti kubwa ikitokea, hukaza kifupa cha mwisho na kupunguza mpito wake. Lakini ngao hii huzuia zaidi sauti nene kuliko nyembamba, huchoka kelele ikidumu, tena huchelewa. Pigo la nyundo juu ya chuma hufika na kupita kabla msuli haujakaza. Maumbile yalitengeneza ngao hiyo kwa ulimwengu usiokuwa na nyundo ya chuma, wala mashine ya kukatia vyuma, wala kipaza sauti. Jicho lilipewa kope. Sikio liko wazi usiku na mchana.

Wala haya si maarifa mapya yanayohitaji kungojewa yathibitike. Mwaka 1886 tabibu wa masikio Thomas Barr wa mji wa Glasgow, Scotland, aliwachunguza mafundi 100 waliotengeneza matangi ya chuma ya kutokosea mvuke. Kazi yao ilikuwa ya namna ya pekee. Mmoja alijikunyata ndani ya tangi akishikilia msumari kwa chuma kizito, na wenzake walio nje wakaugonga kwa nyundo. Yule wa ndani alikuwa kama mtu aliyekaa ndani ya kengele. Barr hakumpata hata mmoja katika watu 100 mwenye usikivu wa kawaida. Wengi wao hawakuweza kufuata maneno ya msemaji katika mkutano wa hadhara. Uziwi wao ulikuwa na jina mitaani kabla haujawa na jina hospitalini, uliitwa kwa jina la kazi yao, na ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi kama masizi usoni. Wao nao, hapana shaka, waliambiwa siku ya kwanza kuwa watazoea.

Tangi la Glasgow limeondoka, lakini nyundo haikuondoka. Kule Kamukunji katika Nairobi, mafundi wa jua kali hufua bati na chuma cha mapipa makuukuu kuwa masanduku ya wanafunzi, makarai, majiko na sufuria. Wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na nyundo yake, tangu asubuhi hata jua linapotua. Ustadi wao ni wa kusifiwa: kitu kilichotupwa na kiwanda hutoka mikononi mwao kikiwa chombo cha nyumba, na hapana nyumba nyingi katika nchi ile zisizokuwa na kazi ya mkono wao. Mnunuzi afikapo pale huziba masikio, hulipa upesi na kwenda zake. Fundi hubaki. Iko kanuni nyepesi isiyohitaji chombo chochote: watu wawili waliosimama umbali wa urefu wa mkono wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, mahali hapo pamefika desibeli 85 au pamezidi. Kila aliyewahi kununua karai pale anajua jibu la kipimo hicho. Ni karne moja na miongo kadhaa tangu Barr alipotangaza habari zake, na fundi bado hupewa neno la faraja badala ya kizibo cha sikio.

Jambo linaloudhi zaidi ni kuwa hasara hii hudharauliwa kwa sababu haitoi damu. Kidole kikikatwa na mkasi wa bati watu hukusanyika. Sikio likikatwa hakuna ajuaye, wala mwenyewe, maana linakatwa mahali ambapo hatapahitaji mpaka baadaye. Atasikia ngurumo, atasikia honi, atasikia mlango ukigongwa, na kwa hayo atajisifu kuwa masikio yake ni mazima. Ataanza kukosa kitu kingine, nacho ni konsonanti.

Wapenzi wa lugha ya Kiswahili wana sababu yao ya pekee ya kulitazama jambo hili. Irabu za lugha, a, e, i, o na u, zina sauti nene na zenye nguvu. Sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini ya mitetemo 3,000. Ndizo zibebazo mwendo wa sentensi na mahadhi ya ushairi. Lakini s, f, th na sh ni pumzi nyembamba na dhaifu. Nguvu ya s hupatikana zaidi juu ya mitetemo 4,000, yaani pale pale penye shimo la fundi na juu yake. Mtu aliyetobolewa na kelele husikia wimbo wa maneno, ila maneno yenyewe yamefutwa pembe. Soka, shoka, choka na foka huwa neno moja. Thamani na samani hazitengani. Fika na shika huchanganyika.

Na kuna jambo kubwa kuliko hayo. Katika Kiswahili kukana na kukubali kwa nafsi ya kwanza hutenganishwa na konsonanti moja iliyo mwanzoni mwa neno, mahali ambapo ni rahisi kabisa kupotea. "Nitalipa" na "sitalipa". "Nitakuja" na "sitakuja". Herufi n ni sauti nene, ina mvumo wa pua usioguswa na shimo lile. S ni ile pumzi inayokufa kwanza. Aliyepoteza s husikia "italipa", na kwa kuwa akili haipendi pengo, huliziba kwa neno inalolitarajia. Anayedai husikia ahadi aliyonyimwa. Mapatano ya biashara, posa, ushahidi barazani, wosia wa mgonjwa, yote hayo huning'inia juu ya konsonanti ambayo nyundo imeifuta.

Hapo ndipo fundi aliyezoea hupewa jina jipya nyumbani kwake. Huitwa mkaidi. Huitwa mwenye dharau. Wajukuu, ambao sauti zao na s zao ni nyembamba kuliko za watu wazima, ndio wa kwanza kuwa hawaeleweki, naye husema kuwa watoto wa siku hizi wanaguguna maneno. Wakipaza sauti kumsaidia humzidishia taabu, kwa kuwa ukelele huzikuza irabu zaidi ya konsonanti. Husikia zaidi na kuelewa pungufu, kisha huuliza kwa hasira kwa nini anapigiwa kelele. Mwishoni huacha kwenda barazani. Methali husema kuwa sikio la kufa halisikii dawa, na watu huitumia kumlaumu asiyeshika shauri. Mzee huyu hakukataa shauri. Shauri alilopewa ujanani alilishika barabara, nalo lilikuwa kwamba atazoea.

Watetezi wa kelele wana hoja ya uzee: kwamba kila mtu huishia kutosikia vizuri, kwa hiyo nyundo isilaumiwe kwa kosa la miaka. Uzee una sehemu yake, na hakuna atakayekana. Lakini sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani pasipo kelele? Mwaka 1962 tabibu Samuel Rosen wa New York na wenzake walitangaza habari za Wamabaan, watu waliokaa kusini-mashariki ya Sudan ya wakati ule, ambayo leo ni Sudan Kusini. Vijiji vyao vilikuwa vimya kwa kiasi kisichojulikana mijini. Kwa sehemu kubwa ya siku sauti ya mahali pale ilikuwa chini ya desibeli 40. Wazee wa pale walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa umri wao. Si haki kuupa ukimya sifa yote, kwa kuwa chakula chao na damu yao pia vilikuwa mbali na vya watu wa New York. Shindikizo la damu lao lilikuwa la chini hata uzeeni. Hata hivyo habari ile inatosha kumnyima mwenye kelele kisingizio chake kikubwa. Uziwi wa miaka sitini haukuandikwa wote katika miaka.

Hoja nyingine ni ya furaha na riziki. Husemwa kuwa mji wenye sauti ni mji ulio hai. Kuwa abiria hupenda gari lenye muziki mkubwa. Kuwa harusi isiyosikika mtaa wa pili si harusi. Hoja hii ina ukweli fulani na ingestahili heshima lau furaha ingehitaji desibeli hizo. Taarabu ilifurahisha watu miaka mingi kwa udi, fidla na sauti ya binadamu kabla ya kipaza sauti. Aliyeongeza desibeli kumi, kama ilivyoonekana, huuza utamu wa mara mbili kwa gharama ya mara kumi, na sikio likishapungua huhitaji kuongezewa tena ili lipate utamu ule ule. Hiyo ni biashara ya muuza ulevi. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2022 liliweka desibeli 100 kuwa kikomo cha wastani wa kila robo saa katika kumbi za starehe, lilikwenda mbali kadiri lilivyoweza kuwaridhisha wenye kumbi. Kwa hesabu ya mahali pa kazi, kikomo hicho humaliza posho ya siku kabla ya wimbo wa tano. Shirika hilo hilo limetoa onyo kuwa vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki. Hao nao wanazoea, kila mmoja na vizibo vya muziki masikioni, bila fundi mkuu wa kuwadanganya.

Sheria hazikukosekana. Kenya ilitunga kanuni za kelele mahali pa kazi mwaka 2005, na kanuni za kelele za mazingira mwaka 2009. Lakini mwendo wa utekelezaji wake huonyesha kosa la fikira. Kelele huonekana kuwa ni kero ya jirani. Mlalamikaji ni yule aliye nje, aliyenyimwa usingizi. Akinyamaza, shauri halipo. Basi na itazamwe tena tabia ya mawimbi. Ukuta huzuia sauti nyembamba na kuziachia nene. Ndiyo maana jirani wa ukumbi wa dansi husikia mdundo pasipo maneno, na madirisha yake hutetemeka. Anaudhika, na ana haki. Lakini sauti ile nyembamba itoboayo haikumfikia, imebaki ndani pamoja na mtumishi anayepeleka vinywaji usiku kucha, na mpiga santuri, na kijana aliyelipa kiingilio. Hao hawalalamiki. Sheria ingojayo malalamiko humlinda aliyepoteza usingizi, na kumwacha aliyepoteza sikio, kwa kuwa huyu wa pili anacheza.

Kanuni za 2005 zina ila nyingine. Zinamtaka mwenye mahali pa kazi aanze mpango wa kuhifadhi masikio kelele ikizidi desibeli 85, na hilo ni jema. Lakini zinaruhusu mtu kufanya kazi saa 8 katika desibeli 90. Kwa anayehesabu kama shilingi, tano ni kitu kidogo. Kwa hesabu ya kweli, nguvu ya desibeli 90 ni zaidi ya mara tatu ya desibeli 85, na muda wake kwa kanuni ya NIOSH ni saa mbili na nusu tu. Tena mwenye mahali pa kazi ni nani pale ambapo kila fundi ni tajiri wa nafsi yake, na paa lake ni jua? Mkaguzi hupeleka barua kiwandani, penye lango na karani wa kuipokea. Anayehitaji barua hiyo zaidi ya wote hana lango.

Kinachotakiwa si kuwanyang'anya watu nyundo zao. Penye uwanja wazi, umbali ukiongezwa maradufu sauti hupungua desibeli 6, yaani hubaki robo ya nguvu yake. Kumtenga fundi na jirani yake kwa hatua mbili zaidi ni kazi ya baraza la mji, haina ufundi wowote. Bati lililolazwa juu ya mfuko wa mchanga halilii kama bati lililolazwa juu ya chuma kitupu. Nyundo ya mti au ya mpira hutosha kwa kunyoosha, ya chuma ikaachiwa kukunja kingo. Kizibo cha sponji kilichoshindiliwa vizuri tunduni hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa. Pamba kavu, ambayo wengi huitumia, huzuia kidogo mno na humpa mtu ujasiri asioustahili. Vyama vya mafundi vinavyokusanya ada ya kiwanja vinaweza kununua vizibo kwa maelfu, na vyuo vya ufundi vinavyomfundisha kijana kuvaa miwani ya kuchomelea havina udhuru wa kumwacha masikio wazi.

Kabla ya hayo yote kijana apimwe. Kipimo chenyewe hakichukui nusu saa: hukaa mahali pa kimya, huvishwa vipokea sauti, husikilizishwa sauti moja moja tangu nene hata nyembamba, na huinua kidole kila aisikiapo. Apimwe kabla hajashika nyundo, apimwe tena mwaka utakapotimia, na karatasi zote mbili apewe yeye mwenyewe, zikiwa zimeonyeshwa kwa kalamu mahali palipo na mitetemo 4,000.